Mkono wa Nguo

Kofia ya mzee Kuang ilikuwa inatembea juu ya ukuta. Hivyo ndivyo ilivyoonekana kutoka kwenye kibanda chetu kando ya bwawa: kofia nyeusi ya kitambaa, peke yake, haina uso wala shingo, ikiteleza polepole juu ya vigae kama bata anayetafuta pa kupandia nchi kavu. Ikafika mkabala na mkomamanga, ikasita, ikazama kidogo, ikaibuka tena. Kisha ikatulia.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya zeze la baba, lile la nyuzi saba linalolazwa mezani, vidole vikigusa hariri bila kuibonyeza. Nyuma yangu, ndani ya chumba cha vitabu, baba alikuwa anasaga wino. Nilisikia kipande cha wino kinazunguka juu ya jiwe, kinazunguka, kinasimama, kinaanza tena kwa nguvu. Bado alikuwa na hasira. Mtu mwenye amani hasagi wino namna ile.

Mvua za kuivisha matunda zilikuwa zimekatika asubuhi hiyo hiyo. Jua lilitoka kali, vigae vikafuka mvuke, vyura wakanyamaza kwa mshangao. Na uzi mwembamba kuliko wote, ule ulio karibu na kifua cha mpigaji, nilikuwa nimeukaza mpaka ulikuwa unalia wenyewe upepo ukiupitia.

Nikauambia moyoni: ukikatika leo, naolewa hapa hapa. Usipokatika, naenda Huzhou.

Lakini nimeanzia katikati. Ngojeni nirudi nyuma, hadi siku ya chai iliyomwagika.

Baba yangu, Ruan Boqian, na jirani yake, Kuang Zhongyi, walikuwa wasomi wa ile namna ambayo mama aliiita wasomi wa kivulini. Walifanya mtihani wa serikali pamoja wakiwa vijana, wakaanguka pamoja, wakarudia, wakapita daraja la chini kabisa pamoja, wakarejea nyumbani wamechoshwa na kazi za ofisi kabla hawajapewa hata moja. Tangu hapo shughuli zao zilikuwa kete nyeusi na nyeupe za kuzingirana ubaoni, zeze, brashi na mashairi, na ukiwauliza wangekuapia kwamba siku haziwatoshi. Kati ya bustani yao na yetu kulikuwa na ukuta, na katika ukuta mlango wa duara kama mwezi mpevu, ambao sikuwahi kuuona umefungwa. Mzee Kuang alikuwa mgane. Alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake, na mama alikuwa na bakuli lake maalumu, lenye ufa, kwa sababu alisema chai huwa tamu zaidi kwenye chombo kilichoteseka.

Mimi niliposwa na mwanawe, Shulin. Mimi na Shulin tulijifunza kusoma pamoja kwa baba tulipokuwa wadogo. Kwangu ilikuwa miaka michache tu, mpaka mikono yangu ilipotakiwa kwenye sindano na mashine ya kufuma. Nikatoka pale na herufi za kunitosha kusoma vibao vya maduka na nusu ya shairi. Yeye akaendelea. Kitu ninachokikumbuka zaidi ni kwamba hakuweza kuandika herufi ya moyo. Ina nukta zake, kila moja na mahali pake, na yeye kila mara ilimtoka nukta moja ya ziada.

"Hii nini?" baba alimfokea.

"Imedondoka yenyewe, Mwalimu."

"Imedondoka! Moyo wako unavuja, kijana."

Mimi nilicheka mpaka nikapigwa rula. Shulin naye akacheka kwa sababu nimecheka, akapigwa yake. Kuanzia siku ile nilijua nitakayemtaka. Wazee walipokuja kutuposesha miaka mingi baadaye, walidhani wazo ni lao.

Basi, siku yenyewe. Harusi ilikuwa imepangwa mara tu mvua zitakapokwisha. Wazee walikuwa kibandani wanacheza kete kama kawaida, Shulin ameketi pembeni kwa adabu ya mkwe mtarajiwa, na mimi na mama tupo nyuma ya pazia la mianzi tunachambua maharage na kuwachungulia. Mzee Kuang alikuwa amefungwa kwenye kete mwezi mzima. Uso wake siku hizo ulikuwa mrefu kama wa farasi aliyenyimwa shayiri. Baba, ambaye alipenda kuandaa kete yake mapema pembeni mwa ubao ili aonekane hafikirii, alinyoosha mkono kuchukua kikombe. Mnajua mikono ya majoho ya wasomi ilivyo: mtoto anaweza kulala ndani yake. Ule mkono wa nguo ukaikumba kete, kete ikabingirika kati ya wenzake, ikayumba, ikalala chali barabara kwenye makutano ya mistari. Na si makutano yoyote. Iliziba nafasi ya mwisho ya kupumulia ya jeshi la baba mwenyewe. Upande mzima wa baba ukafa pale pale.

Chai ikamwagika.

"Umecheza," akasema mzee Kuang. Alisema kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha ndoto.

"Sijacheza. Huo ni mkono wa nguo."

"Mkono ni mkono."

"Wa nguo, Kaka! Mkono wa nguo! Wangu mimi huu hapa, umeshika kikombe."

"Na hiyo nguo imevaliwa na nani? Na jirani?"

"Jirani ni wewe!"

"Basi siyo mimi niliyeivaa. Kete imegusa ubao, Boqian. Haitoki."

"Kwa hiyo kesho nije nicheze bila nguo?"

"Ukiona ndiyo njia pekee ya kujizuia, njoo."

Mama akajiziba mdomo kwa ungo. Sisi tulidhani ni utani wao wa siku zote. Lakini baba alikuwa ameshasimama, masikio mekundu, akamgeukia Shulin. "Wewe ulikuwepo. Sema. Nani ameiweka ile kete?"

Maskini Shulin. Mkono wa kulia baba mzazi, mkono wa kushoto baba mkwe, na wote wanamtumbulia macho. Akainamisha kichwa.

"Mimi niliona chai inamwagika," akasema.

"Huyu ana akili," mama akaninong'oneza. "Utakula vizuri kwake."

Sikula. Yaani sikupata nafasi ya kula, kwa sababu kabla chai haijakauka baba alisema binti yake hawezi kuingia katika nyumba isiyojua tofauti ya mtu na joho lake, na mzee Kuang akajibu kwamba mwanawe hawezi kuoa katika nyumba inayorudisha kete. Baba akaufunga mlango wa duara na kuweka chungu kikubwa cha maua mbele yake. Tukasikia upande wa pili kitu kizito kinaburutwa. Mzee Kuang alikuwa anaweka chungu chake, kikubwa zaidi.

Ubao ukaachwa vilevile kibandani, na kete zake zote, umefunikwa shuka. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuupangusa vumbi.

Watu wengine wakigombana hutukanana. Hawa walipelekeana kazi za sanaa. Wiki ya kwanza ilikuja pepeo ya karatasi kutoka ng'ambo, imechorwa kaa anayekwenda kombo, mzuri ajabu, kila unywele wa gando lake unaonekana. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Baba akaitupa. Mama akaiokota, akaenda kupepea jiko nayo, na akasema haijapata kuwako pepeo inayovuta moto kama ile. Baba akajibu kwa kuchora jiwe: jiwe tupu, katikati ya karatasi kubwa, gumu, lenye kichwa kigumu, halina hata jani. Likarudi siku ya pili, limepigwa muhuri mwekundu wa mzee Kuang, na pembeni kwa mwandiko wake wa madaha ameandika: Jiwe zuri sana. Limewekwa kwa mkono au kwa nguo?

Niliuona mdomo wa baba unatetemeka. Alikuwa anacheka, ninaapa, kicheko kilishafika kwenye meno. Halafu akakumbuka, akakimeza.

"Bwana yule hana haya," akasema, akalitundika jiwe lile ukutani, mahali pa heshima, ili aendelee kuudhika.

Yote hayo yangekuwa mchezo kama asingekuja Mama Qiao, mshenga. Mama Qiao alinusa posa iliyochacha kama inzi anavyonusa samaki. Alikuja katikati ya mvua, viatu mkononi, na habari za kijana wa Huzhou, mtoto wa mfanyabiashara wa hariri.

"Kijana mtulivu," akasema. "Mnyoofu. Ana meno yote."

"Hata punda wetu ana meno yote," mama akamjibu.

"Lakini punda wenu hana maghala, dada yangu."

Na baba, ambaye siku ile alikuwa amepokea shairi kutoka ng'ambo kuhusu watu wenye mikono mirefu, akasema kwa hasira: "Njoo mvua zikikatika. Nitakupa jibu." Akaingia chumbani kusaga wino.

Kwa hiyo wenzangu wote walikuwa wanaomba jua, nami nilikuwa naomba mvua.

Baba alikuwa ameacha kupiga zeze. Alisema unyevu unaharibu hariri, lakini mimi nilijua. Zamani kila alasiri, kete zikishakusanywa, alipiga wimbo mmoja alioutunga mwenyewe wa korongo wanaorudi bwawani, na mzee Kuang alisikiliza amefumba macho. Sasa nani wa kumpigia? Akaniachia mimi nifanye mazoezi. Nikapiga alasiri baada ya alasiri, mvua ikinisindikiza juu ya paa. Na siku moja nikainua macho nikaiona kofia.

Ilikuwa imelowa chapachapa. Ilikaa pale mpaka nikamaliza, kisha ikazama. Kesho yake, saa ile ile, ikarudi.

Nilimwambia mama jikoni. Hakuacha kukatakata tangawizi.

"Anasimama juu ya nini?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Mitungi yake ya kabichi ya chumvi, ile iliyopangwa chini ya ukuta, hiyo tu ndiyo inayofika. Mmoja utampasukia." Akakata, akakata. "Na baba yako si alikufundisha kuhusu uzi unaokatika?"

Alinifundisha. Kwetu wapiga zeze wanaamini kwamba uzi ukikatika wenyewe katikati ya wimbo, kuna mtu amejificha anasikiliza. Na huyo mtu ni mmoja kati ya wawili: ni mwizi, au ni mjua-sauti. Mjua-sauti ndilo jina tunalompa rafiki wa ndani kabisa, yule anayesikia kilichomo mkononi mwako kabla hujakisema kwa mdomo. Mwizi unamwitia watu. Mjua-sauti unamfungulia mlango. Huna ruhusa ya kumwacha nje. Baba alikuwa tayari kuvunja ahadi ya harusi kwa sababu ya kete, lakini kuvunja desturi ya zeze, hilo hangeliweza.

"Hariri inalegea na mvua hizi," mama akasema, akikusanya tangawizi kwenye kiganja. "Jua likitoka itajivuta yenyewe. Na mtu akiwa ameikaza toka asubuhi... lakini mimi si mjuzi wa mambo ya wasomi. Nipe ule ungo."

Sasa mmeshanikuta pale nilipoanzia: jua kali, wino unasagwa, kofia imetulia juu ya ukuta.

Nilipiga wimbo wa korongo. Sikuwahi kuupiga vile, wala sikuupiga vile tena. Nilipofika pale ndege wanapoanza kushuka sikuharakisha. Niliwaacha wazunguke juu ya maji. Niliwaacha wachague. Mmoja akatua, akakunja bawa, nikangoja, wa pili akatua. Nikakinyoosha kidole kwenye ule uzi mwembamba kwa ajili ya wa mwisho.

Twaa!

Nyuma ya ukuta mtu akasema "Mama yangu!" na papo hapo ukasikika mpasuko mkubwa wa mtungi.

Baba akatoka mbio, brashi mkononi, akaangalia uzi uliojikunja juu ya zeze, akauangalia ukuta. Kofia haikuwepo tena. Akajisimamisha wima kama hakimu.

"Nani yuko nyuma ya ukuta?"

Chura mmoja akajaribu kusema kitu, akaahirisha.

"Nasema uzi umekatika!"

"Nimesikia," ukuta ukajibu.

"Kama umesikia, basi jibu. Wewe ni mwizi, au ni mjua-sauti?"

Ukuta ukafikiri kidogo. "Kwani kwako kuna cha kuiba?"

"Jibu!"

"Nikisema mwizi?"

"Naita watu sasa hivi."

"Na nikisema ile nyingine?"

Baba alisimama pale amekaza taya, na wino ukawa unadondoka kutoka kwenye brashi, tone, tone, juu ya joho lake la kijivu. Mama alikuwa ametokea mlangoni na ungo wake. Nami nilikuwa nimeushika uzi uliokatika, nimeuzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole imegeuka nyeupe.

"Mimi ni mjua-sauti," akasema mzee Kuang. Sauti yake ilitoka chini, karibu na ardhi. "Lakini usijivune, si wako. Wewe pale korongo wanapotua unakimbia. Miaka yote unakimbia, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Huyu aliyepiga leo hakukimbia. Nilikuja kumsikiliza mkwe wangu."

Nakumbuka mama aliuteremsha ungo taratibu.

"Mimi nakimbia?" baba akauliza.

"Unakimbia."

"Miaka yote hii, na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Baba akaitazama brashi mkononi kana kwamba hajui imefikaje. Akaiweka chini. Akaenda mlangoni, akakikumbatia kile chungu cha maua, akaanza kukiburuta, anahema, anakataa kusaidiwa. Upande wa pili tukasikia kingine kinaburutwa: ni Shulin, kwa kuwa baba yake hakuweza kusimama. Mlango ukafunguka. Mzee Kuang alikuwa ameketi katikati ya vigae vya mtungi, kifundo cha mguu kimevimba, na jani la kabichi ya chumvi limemkalia begani kama cheo cha jeshi. Shulin alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Mikono yake ilikuwa na udongo wa chungu mpaka kwenye viwiko. Nami, badala ya kuona haya kama mwari, nilicheka, na yeye akacheka kwa sababu nimecheka. Safari hii hakuna aliyetupiga rula.

Ni wakati huo Mama Qiao alipoingia kwa mlango wa mbele, amependeza, amekuja kuchukua jibu lake.

"Umechelewa, dada," mama akamwambia. "Lakini kabichi ipo tele. Lete bakuli."

Mngedhani yameisha. Baba alimsaidia mwenzake mpaka kibandani, akamletea bakuli lenye ufa, akalifunua shuka lile. Wakautazama ubao.

"Irudishe kete yako," akasema mzee Kuang. "Ulikuwa mkono wa nguo. Niliona kwa macho yangu."

"La," akasema baba. "Mkono ni mkono. Ibaki."

"Irudi, Boqian."

"Nimesema ibaki! Unataka nionekane nimependelewa?"

"Na mimi nionekane nimeshinda kwa joho?"

Sauti zikaanza kupanda. Masikio ya baba yakaanza kuwa mekundu. Mama aliingia jikoni, akarudi na sufuria ya gundi ya mchele tuliyoipika kubandikia karatasi za madirisha kwa ajili ya harusi, akawasukuma wazee wote wawili kwa kiwiko, akaanza kuinua kete moja moja, anapaka gundi, anairudisha mahali pake. Nyeusi, nyeupe, nyeusi. Ile yenye ugomvi aliipaka mara mbili.

"Hii ni zawadi ya harusi ya binti yangu," akasema alipomaliza. "Inakwenda naye kama ilivyo. Mkitaka kuigombania, mtaigombania mbele ya wajukuu."

Nikaolewa na ubao ule. Uliwekwa kwenye sebule yetu, juu ya meza ya dirishani, na wale wazee walinunua mwingine wa kuchezea wakaendelea kufungana na kubishana mpaka nywele zao zikawa nyeupe kabisa. Baba hakuacha kukimbia pale korongo wanapotua. Mzee Kuang hakumwambia tena. Alifumba macho tu, na mimi nikipita na chai niliona kidole chake kikiwangojea ndege juu ya goti, nyuma kidogo ya muziki.

Baba alitangulia, mwaka ambao mkomamanga ulizaa mpaka matawi yake yakaegemea ukuta. Siku za kufunga kilio zilipokwisha, mzee Kuang alikuja sebuleni kwetu na fimbo yake. Nilimwekea chai kwenye bakuli lenye ufa, nikaendelea na kushona. Aliketi mbele ya ubao wa harusi muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kuchukua bakuli, na joho lake pana likapita juu ya kete.

Tik.

Gundi ya mchele ina maisha yake. Ile kete, ile ile, ilibanduka, ikabingirika, ikadondoka mapajani mwake. Akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi, na katika macho yale ya kizee nikaona mtu anayeomba kitu ambacho hakuna tena wa kumpa.

"Ni mkono wa nguo," akasema.

Nikaweka sindano chini.

"Mkono ni mkono, Baba," nikamwambia.

Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Alicheka mpaka Shulin akatoka ndani, wino umemchafua vidole, kuuliza kuna nini, na watoto wakaja nyuma yake. Asubuhi yake nilipika gundi. Mzee Kuang alikunja joho lake hadi kwenye kiwiko, akaishika kete kwa vidole viwili, akapumua, akairudisha mwenyewe pale pale baba alipoiangushia.